Kuovakloki prosesa bila kuikaanga: voltiji ndo inayoamua

Watu wengi wakisikia kuovakloki, yaani kuifanya prosesa iende kwa spidi zaidi ya ile ya kiwandani, wanajua ni kuingia kwenye bayosi (ile menyu ya setingi za kompyuta kabla Windows haijawaka), unapandisha namba, unasevu, kompyuta inawaka, basi kazi imeisha. Na kweli mara nyingi inawaka. Sasa hapo ndo shida inapoanzia, manake kompyuta kuwaka haijathibitisha chochote. Mimi niliwahi kukaa karibu wiki tatu na mashine niliyoamini iko fiti kabisa, gemu zinacheza, benchimaki (programu za kupima spidi) zinamaliza, afu siku moja nafungua faili la zip la picha nililolibana mwenyewe, linakataa. Nikajaribu la pili, nalo hivyohivyo. Prosesa ilikuwa inakosea hesabu kimyakimya na mimi nimekaa nafurahia megahezi, yaani namba ya spidi. Zile picha sikuzipata tena na iliniuma sana. Tangu siku ile megahezi naziangalia mwisho, kwanza voltiji na joto, na nataka nieleze kwanini, kwasababu mtu akishaelewa hiki kitu kimoja mengine yote kwenye bayosi yanaacha kutisha.

Tuanze na hiyo spidi yenyewe ni nini. Ndani ya prosesa kuna mabilioni ya transista na kazi yao inaenda kwa mdundo. Chukulia watu wamejipanga mstari wanapokezana ndoo za maji kwa mlio wa ngoma, kila ngoma ikilia ndoo iwe imeshafika mkononi kwa anayefuata. Ukipiga ngoma haraka maji yanafika mengi zaidi, ukiongeza tena yanazidi, mpaka unafika mahali yule mzito kuliko wote kwenye mstari bado hajashika vizuri na ngoma imeshalia. Ndoo inadondoka. Haijalishi wengine wote walikuwa na uwezo wa kwenda haraka zaidi, mstari mzima unafungwa na yule mmoja. Prosesa ya gigahezi 5 inapiga hiyo ngoma mara bilioni 5 kwa sekunde, kwahiyo kati ya mlio na mlio kuna pikosekunde 200, na pikosekunde moja ni sekunde ukiigawa mara trilioni. Ndani ya muda huo umeme uwe umepita kwenye transista kadhaa zilizofuatana na jibu liwe limetulia. Lisipotulia, prosesa inachukua 0 mahali palipotakiwa kuwa 1, na inaendelea na kazi kama kawaida. Ndo mafaili yangu ya zip hayo.

Ile namba ya gigahezi inatoka kwenye vitu viwili, saa ya msingi ambayo kwa kompyuta za sasa ni megahezi 100, na kizidishi. Kizidishi kikiwa 50 unapata megahezi 5000, yaani gigahezi 5. Wewe unagusa kizidishi, saa ya msingi iache hapohapo ilipo kwasababu kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) nyingi imefungwa pamoja na vitu vingine kama PCIe, ile njia ya kuunganishia kadi na diski, ukiitingisha unatingisha mpaka diski. Na sio kila prosesa inakuruhusu. Kwa Intel tafuta yenye herufi K mwishoni na madabodi ambayo chipseti yake, ile chipu inayounganisha vitu vya kwenye madabodi, jina lake linaanza na Z, kwa AMD karibu Ryzen zote za desktop ziko wazi ila madabodi iwe ya B au X, zile za A kama A520 hazikubali. Kuna pia zenye kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ya ziada kama 5800X3D ambayo kizidishi chake kimefungwa kabisa, ukiwa nayo hiyo usihangaike.

Zamani huu mchezo ulikuwa mtamu kupita kiasi. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, ya megahezi 300, kizidishi chake kimefungwa kwenye 4.5 na saa ya msingi 66. Watu wakagundua ukiiweka kwenye madabodi inayokubali saa ya 100 inakuja 450 moja kwa moja, asilimia 50 ya bure, na nyingi zilikubali bila kelele. Leo usitegemee hayo. Tangu Turbo Boost ya Intel ilipokuja mwaka 2008 prosesa zenyewe zinajipandisha kila zikiona kuna nafasi ya joto na umeme, kiwanda kimeshakula sehemu kubwa ya ile akiba iliyokuwa inabaki kwa ajili yetu. Kilichobaki ni asilimia chache, na hizo chache zinauzwa ghali. Bei yake ni voltiji.

Turudi kwa yule mtu mzito kwenye mstari. Ukitaka apokee haraka zaidi unamwongezea nguvu, na nguvu ya transista ni voltiji. Ukiipandisha transista inafunguka na kufunga haraka zaidi, ndoo inafika. Ndomana kila mtu akikrashi cha kwanza anakimbilia kupandisha voltiji, na inafanya kazi kweli. Tatizo ni hesabu yake. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sawasawa na spidi, lakini kwa voltiji unapanda kwa voltiji mara voltiji, yaani kipeo cha pili. Hii ndo sentensi moja ningependa mtu aondoke nayo, kwahiyo niiwekee namba.

Tuseme una prosesa inaenda gigahezi 4.8 kwa volti 1.20, inakula wati 150 ukiibana kwa kazi nzito, chumba kina nyuzi 25 na prosesa inasimama kwenye nyuzi 75. Safi kabisa. Unataka 5.1. Inakubali lakini mpaka uipe volti 1.35. Spidi imepanda kwa asilimia 6 na kitu. Voltiji imepanda asilimia 12 na nusu, na ukiizidisha kwa yenyewe inakuwa karibu asilimia 27, changanya na ile spidi, wati 150 zinakuwa karibu 202. Theluthi moja zaidi ya joto kwa asilimia 6 ya spidi! Sasa kipozeo chako ni kilekile. Wati 150 zilikuwa zinaiweka prosesa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, kwahiyo wati 202 zitaiweka kama nyuzi 67 juu. 25 na 67 ni 92. Bado inaenda. Ila likija joto chumba kikafika 33 unasoma nyuzi 100, na kwa prosesa nyingi za Intel 100 ndo ukuta, ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Kwa Ryzen 7000 ukuta ni 95, kwahiyo huko ungekuwa umegonga mapema zaidi. Umeongeza spidi, umelipia umeme, umepata feni inayopiga kelele kama jenereta, na mwisho wa siku mashine inaweza hata kwenda taratibu kuliko ulivyoikuta.

Na hiyo hesabu nimeipendelea, uhalisia ni mkali zaidi. Transista zikiwa za moto zinavujisha umeme zaidi hata zisipofanya kazi, huo umeme unaovuja nao unageuka joto, joto linaongeza uvujaji, linajizungusha hivyo. Afu kuna kitu kingine watu hawakitegemei, prosesa ya moto inahitaji voltiji kubwa zaidi kushika spidi ileile. Kwahiyo mashine iliyo stebo kwenye nyuzi 65 inaweza ikakrashi kwenye 90 na hujagusa kitu. Ndo maana mimi naamini kupoza ni sehemu ya uthabiti, sio pambo la pembeni. Ukishusha joto nyuzi 10 mara nyingine unaweza kupunguza voltiji kidogo, na ukipunguza voltiji joto linashuka tena. Ule mzunguko mbaya unakuwa mzunguko mzuri.

Kwenye kupoza sasa, usianze na kununua. Anza na vitu vya bure. Fungua kesi usafishe vumbi kwenye hitsinki (yale mapezi ya chuma ya kipozeo) na vichujio, hakikisha feni za mbele zinaingiza hewa na za nyuma na juu zinatoa, maana kesi iliyoziba inaipa prosesa hewa ambayo imeshapashwa moto na kadi ya michoro. Angalia kipozeo kimekaza sawa pande zote. Angalia ile karatasi ya plastiki ya kwenye bamba la shaba kama ilitolewa kweli, nimekutana nayo kwenye mashine mbili tofauti na wenyewe walikuwa wanailaumu prosesa. Pesti ya joto kazi yake ni kujaza vishimo vidogo kati ya chuma na chuma, yenyewe inapitisha joto vibaya sana ukilinganisha na shaba ila ni bora mno kuliko hewa, kwahiyo weka ya kutosha kufunika uso wote kwa safu nyembamba na usipate presha kuhusu umbo la tone.

Vipozeo vya maji ni vizuri ila vinasifiwa kupita uwezo wake. Maji hayafanyi uchawi, yanabeba joto kulipeleka kwenye redieta na redieta inapozwa na hewa ileile ya chumba, kwahiyo hakuna kipozeo cha hewa wala cha maji cha kawaida kitakachoshusha prosesa chini ya joto la chumba. Halafu prosesa za sasa zina tatizo lingine, joto jingi linatoka kwenye eneo dogo sana. Kile kipande cha silikoni chenye kori 8, yaani vitengo 8 vya kufanya hesabu, kwenye Ryzen 7000 kina takriban milimita za mraba 70, kama ukucha wa kidole hivi, na unataka wati zaidi ya 100 zipite hapo. Ukiweka redieta kubwa mara mbili unaweza kupata nyuzi chache tu za nafuu, kwasababu foleni iko mlangoni, joto halijatoka kwenye silikoni. Ukikutana na hali hiyo dawa ni kushusha voltiji. Na ukitumia maji kumbuka jambo moja linalosahaulika, VRM, yaani ile sakiti ya kwenye madabodi inayoshusha volti 12 mpaka volti moja na kitu, ilikuwa inapulizwa na feni ya kipozeo cha hewa bila wewe kujua. Ukikiondoa inabaki haina upepo. VRM ikichemka nayo inapunguza umeme na spidi inaanguka ghafla wakati prosesa yenyewe inasoma nyuzi 70, unabaki unatafuta mchawi.

Haya, kazi yenyewe. Kabla ya kugusa chochote pima ulipo. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto na voltiji, kimbiza Cinebench, benchimaki ya prosesa, mara kadhaa, andika maksi, joto la juu kabisa, voltiji na wati. Bila hizo namba hutajua kama umepata au umepoteza. Jua pia jinsi ya kufuta setingi za bayosi kwenye madabodi yako, kuna pini mbili za kugusanisha au kitufe nyuma au unatoa betri ile ya mviringo, tafuta sasa hivi wakati skrini bado inawaka. Update bayosi, na hili sio la kuruka, nitasema kwanini chini. XMP au EXPO, ile setingi inayopandisha spidi ya RAM, izime kwanza, RAM nayo imeovaklokiwa hapo, ukikrashi na vyote viwili viko juu hutajua nani mwenye kosa.

Afu panda megahezi 100 kwa kori zote, voltiji iache palepale, kimbiza testi dakika kumi na tano, ikipita panda tena. Siku ya kwanza ikikrashi ongeza volti 0.01 au 0.02 tu, sio 0.1, watu wanaruka 0.1 kwa haraka na hiyo ni hatua kubwa mno. Utaona mwanzoni kila megahezi 100 zinataka nyongeza ndogo, halafu ghafla hatua moja inataka nyongeza mara tatu ya iliyopita. Hapo umeona ukuta wa silikoni yako. Prosesa mbili za jina moja zilizotoka kiwanda kimoja hazilingani, moja inafika 5.3 kwa voltiji ambayo nyingine inagoma 5.1, kwahiyo namba za mtu mwingine zitumie kama fununu, usizikopi. Ukuta ukiuona rudi nyuma hatua moja. Na kama testi nzito inakupeleka zaidi ya nyuzi 85 mimi nasimama hapo hata kama ukuta bado, ili siku ya joto nibaki na nafasi.

Kuna kitu kinaitwa LLC kwenye bayosi kinachanganya sana. Prosesa ikianza kazi nzito inavuta ampea nyingi na voltiji inazama kidogo, wewe umeweka 1.30 lakini ikibanwa inasoma 1.24. Hiyo sio kasoro, imetengenezwa hivyo makusudi. LLC inapunguza huko kuzama. Ukiiweka juu kabisa namba inapendeza, inasimama 1.30 muda wote, ila mzigo unapoachiwa ghafla voltiji inaruka juu ya 1.30 kwa muda mfupi sana ambao programu haiwezi kuuona, na hiyo miruko inarudiwa maelfu ya mara kwa siku. Weka ya katikati, ukubali izame kidogo.

Na voltiji inaua kweli, sio maneno ya kutishana. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye soketi, AMD ikatoa bayosi mpya zinazofunga voltiji ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu na mengine, isizidi 1.3. Mwaka 2024 Intel nayo ilikiri kwamba kukrashi kwa prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 kulihusiana na prosesa kujiombea voltiji ya juu kupita kiasi, Agosti mwaka huo ikatoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 inayozuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Zile zilizokuwa zimeshaumia maikrokodi haikuzirudisha. Ona sasa, hao watu hawakuovakloki chochote, mashine zilitoka hivyo. Ndo maana nasema bayosi iwe mpya kwanza, na wewe unayeongeza voltiji kwa mkono wako uwe na adabu zaidi. Uharibifu unaotokana na kuovakloki dhamana za kawaida hazigharamii.

Kutesti ndo sehemu ambayo watu wana haraka nayo na ndo yenye utamu wake. Kukrashi kunakosumbua ni kwa aina tatu na kila moja inakamatwa na testi yake. Ya kwanza ni ya joto na mzigo mkubwa, hiyo Prime95 kwenye Small FFTs au OCCT inaitoa haraka, Prime95 inajua jibu sahihi la kila hesabu kwahiyo kori ikikosea inakuambia kori namba ngapi hata kama Windows bado inatembea. Ya pili ni ya kumbukumbu, yaani RAM, y-cruncher na Memtest86 zinahusika, na hizi fanya tena ukisharudisha XMP. Ya tatu ndo inayochosha watu, mashine inapita usiku mzima wa Prime95 halafu inajizima ukiwa umefungua kivinjari tu unasoma habari. Mtu anachanganyikiwa, imewezaje kubeba mzigo mzito ikashindwa mwepesi? Kwasababu kwenye mzigo mwepesi kori moja inaruka mpaka spidi ya juu kabisa ambayo kwenye mzigo wa kori zote haifiki, na inaruka na kushuka kila wakati, kila ruko voltiji inayumba. Hapo tumia CoreCycler inayobana kori moja moja, iache usiku kucha.

Halafu fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA-Logger. Hayo ni makosa ambayo prosesa imeyashika na kuyasahihisha yenyewe bila kukusumbua. Skrini haikugeuka bluu, gemu haikukatika, lakini kosa limetokea. Kwangu kosa moja tu la WHEA linamaanisha haiko stebo, rudisha megahezi 100 au ongeza voltiji hatua moja. Kama ningeliangalia hilo zamani, pengine zile picha ningekuwa nazo.

Siku hizi mimi kuovakloki kwa kori zote kwa mkono nimepunguza sana, hasa kwenye Ryzen. Kuna setingi za AMD, PBO inayoiruhusu prosesa kujipandisha zaidi, na Curve Optimizer, ambayo kazi yake ni kuiambia prosesa itumie voltiji pungufu kwa kila spidi, na kwakuwa inajipandisha yenyewe ikiona kuna nafasi, ukipunguza voltiji joto linashuka na spidi inapanda bila wewe kugusa kizidishi. Ni kuovakloki kwa kupunguza, inasikika kama kinyume ila ukirudi kwenye ile hesabu ya kipeo cha pili unaona inavyokuja. Anza na hasi 10 kwa kori zote, testi, nenda hasi 15, hasi 20. Zile kori bora kwenye prosesa ambazo programu inaziwekea alama mara nyingi ndo zinakubali kupunguziwa kiasi kidogo kuliko nyingine, kwasababu kiwanda kimeshazibana tayari. Na angalia maksi, usiangalie megahezi peke yake, manake ukishusha kupita kiasi Ryzen inaweza kuonyesha gigahezi 5.4 huku ndani inaruka midundo ili isikosee. Kwenye HWiNFO tafuta mstari wa Effective Clock, yaani spidi halisi, wakati kori zote zimebanwa, kama uko chini sana ya ule wa kawaida, au maksi za Cinebench zimeshuka na joto ni dogo, umezidisha.

Mashine ninayoandikia hapa ilikuwa inashika 5.2 kwa volti 1.36 na nyuzi 92. Sasa inakaa 5.1 kwa 1.27, nyuzi 78, na kwenye kazi zangu tofauti siioni, kwenye Cinebench yenyewe ni asilimia 2. Imepita Prime95 saa nane, CoreCycler usiku mbili, WHEA hakuna hata moja. Setingi nimezisevu kama profaili kwenye bayosi na pia nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa kesi, kwasababu ukiupdate bayosi zile profaili mara nyingi zinafutika, na namba ya voltiji uliyoitafuta kwa siku nne huwezi kuikumbuka kwa kichwa.